Siku moja Marseille ukiwa na mama mkwe mwenye magoti mabovu

Msomaji wa Mombasa anauliza: "Mwezi wa Septemba mimi, mume wangu na mama mkwe wangu wa miaka 68 tutapanda meli ya kitalii Barcelona. Siku ya pili, Jumanne, meli inafunga Marseille saa 2 asubuhi na kuondoka saa 12 jioni. Baadaye inapita Italia na Tunis kabla ya kurudi Barcelona. Ziara zinazouzwa melini ni ghali mno kwa watu watatu. Tunaweza kutembea wenyewe? Mume wangu anataka kufika Aix-en-Provence. Mama anasumbuliwa na magoti, na sote tunakula halali."

Dada, nendeni wenyewe, lakini mbaki Marseille. Mji una mambo ya kuwatosha siku nzima, na usafiri wake ni rahisi kuuelewa. Kinachowaharibia abiria wengi siku ni hesabu ya muda, kwa hiyo tuanzie hapo.

Saa 2 asubuhi ndiyo saa ya kufunga kamba gatini. Abiria huruhusiwa kushuka baadaye, pengine baada ya nusu saa au zaidi, na mara nyingi waliolipia ziara za meli hutangulizwa. Jioni nayo, saa 12 ni saa ya kung'oa nanga. Mwisho wa kupanda kwa kawaida ni nusu saa kabla, na kwa meli nyingine saa nzima kabla. Saa yenyewe huandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku na kwenye ubao wa mlango wa kutokea, na huandikwa kizungu: 17:30 ni saa 11 na nusu jioni. Mkiwa wengi mnaozungumza Kiswahili, hakikisheni kila mmoja anataja saa ile ile. Kisha jiwekeeni mwisho wenu: saa 10 na nusu jioni muwe mmeshaanza safari ya kurudi gatini, kwa kuwa saa hiyo meli nzima hupanga foleni ya basi. Ukitoa muda wa kwenda na kurudi, mnabaki na kama saa 7 za mjini. Chakula cha mchana kitachukua saa moja na nusu, na mama atahitaji kukaa kila baada ya muda. Siku yenu halisi ni sehemu tatu za kuona, zisizidi nne.

Meli kubwa hufunga Môle Léon Gourret, kaskazini ya bandari, karibu kilomita 8 kutoka Vieux-Port, ile bandari ya kale iliyo katikati ya mji. Meli ndogo chache hufunga Joliette au J4, mlangoni kabisa mwa mji, kwa hiyo ulizeni mapokezi ya meli usiku wa kuamkia. Kutoka Léon Gourret msijaribu kwenda kwa miguu, maana njia inapita katikati ya malori na barabara kuu za bandari. Kwa kawaida kuna basi la bure linalokwenda hadi eneo la Joliette. Meli nyingi huuza basi lao wenyewe na hazina haja ya kulitangaza lile la bure, kwa hiyo mkishuka liulizieni kwenye dawati la habari la gatini, kabla hamjalipa chochote. Nje ya lango la bandari pia hupita basi la mji namba 35 linalokwenda Joliette, ambako kuna metro ya laini ya M2. Teksi zenye mita husubiri gatini. Mkiwa watatu, gharama ya teksi moja haiko mbali na ya tiketi tatu za basi la meli.

Sasa Aix, ule mji jirani. Mumeo ana sababu nzuri kuliko anavyojua, kwa sababu Jumanne ni mojawapo ya siku tatu za soko kubwa la Aix, pamoja na Alhamisi na Jumamosi. Lakini fuata njia yenyewe. Kutoka gatini hadi Joliette ni nusu saa ukihesabu na kusubiri. Metro hadi stesheni ya Saint-Charles ni vituo viwili. Basi namba 50 la kwenda Aix huchukua dakika 30 hadi 45, kisha unatembea kidogo hadi Cours Mirabeau, barabara kuu ya katikati ya Aix. Tangu ngazi ya meli hadi kwenye meza ya kwanza ya soko ni karibu saa 2, na kurudi ni vivyo hivyo, tena jioni barabara kuu ya kuingia Marseille hujaa. Soko lenyewe huanza kufungwa saa 7 mchana. Kwa watu wawili wenye miguu mizuri inawezekana. Kwa mama wa magoti mabovu ni kutwa ya kupanda na kushuka magari ili aone soko kwa saa 2. Mume akishikilia, aende peke yake, na basi lake la kurudi liondoke Aix kabla ya saa 8 na nusu mchana. Ikichelewa hiyo ndipo ajali na foleni za barabarani zinapoanza kuamua kama ataiwahi meli.

Ninyi wengine anzeni kwa kilima. Kanisa la Notre-Dame de la Garde liko juu ya mji, karibu mita 150 kutoka usawa wa bahari, na hapo ndipo mtaiona Marseille yote kwa mara moja: bandari ya kale, visiwa, meli yenu kwa mbali, na milima ya chokaa iliyouzunguka mji. Sababu ya kuanza hapo ni magoti na umati pia. Asubuhi mama bado ana nguvu, na mabasi ya ziara hayajajaa pale juu. Kuanzia karibu saa 5 uwanja wa kanisa hujaa watu, mkawa mnapigania nafasi ya kusimama ukutani.

Pesa ya teksi itumieni hapa, mkwee moja kwa moja kutoka gatini hadi mlangoni mwa kanisa. Wengi hufanya kinyume: hupanda basi hadi Vieux-Port, wakapanga foleni ya lile gari la watalii lenye umbo la treni, wakafika juu saa 5 na kupewa muda mfupi kabla ya gari kugeuza. Gari hilo si baya, na njia yake ya kandokando ya bahari inapendeza, ila mtakuwa mmefungwa na saa zake. Pale juu ulizeni lifti kwa wahudumu mapema, kabla mama hajaanza ngazi, kwa sababu ngazi za kuingilia ni ndefu. Kuingia ni bure. Mwili uwe umesitirika, jambo ambalo kwenu halitakuwa tatizo.

Hata kwa asiye Mkristo, ndani ya kanisa hili kuna historia ya watu wa bahari. Liliwekwa wakfu mwaka 1864, na mabaharia na wavuvi wamelijaza nadhiri zao. Inueni macho mtaona vyombo vidogo vya mfano, mashua na meli, vimening'inizwa kwa nyuzi kutoka darini, na kuta zimejaa vibao vya marumaru na picha za dhoruba, kila kimoja kimeletwa na mtu aliyeokoka. Nje, kwenye ukuta wa kaskazini, bado kuna alama za risasi na mabomu ya mapigano ya Agosti 1944, mji ulipokombolewa kutoka kwa Wajerumani. Sanamu ya Mariamu iliyo kileleni, yenye urefu wa mita 11 na kidogo, imepakwa dhahabu, na wenyeji huiita la Bonne Mère, Mama Mwema.

Chukueni vitambaa vizuri vya kufunga kichwani. Upepo wa mistral hutoka kaskazini kupitia bonde la mto Rhône, na pale kilimani huweza kumsukuma mtu mzima. Huja na anga safi ya buluu, kwa hiyo ukichungulia kwa dirisha la chumba cha meli utadhani siku ni shwari. Angalieni utabiri wa Météo-France usiku uliotangulia. Mistral ikivuma kwa nguvu, boti za kwenda ngome ya Château d'If na zile za kuzunguka Calanques, zile ghuba nyembamba za miamba ya chokaa, husimamishwa. Kwenu hilo si hasara kubwa, kwa sababu Château d'If ina mawe na ngazi tupu, na kushuka kutoka boti inayoyumba hakufai kwa magoti.

Kushuka kutoka kilimani, pandeni basi namba 60 hadi Vieux-Port. Ni dogo na hujaa, kwa hiyo ombeni kiti cha mama. Kadi ya benki ya kugusisha hukubaliwa kwenye mashine ya basi, na safari moja haifiki hata euro 3.

Vieux-Port mtaingia karibu saa 5. Soko la samaki liko ukingoni mwa maji, upande wa juu wa bandari. Ni meza chache tu, na wavuvi huuza walichokipata usiku ule: pweza, mikunga, ngisi, samaki wenye miiba ambao Mfaransa huwatia kwenye mchuzi. Kufikia saa 7 mchana meza huwa zinaoshwa. Hatua chache kutoka hapo kuna dari kubwa la chuma king'aavu lililobuniwa na Norman Foster mwaka 2013. Simameni chini yake mtazame juu, mtajiona mmepinduliwa pamoja na bandari nzima. Kisha mpeni mama raha ya bei ndogo: kivuko kinachovuka bandari kutoka Place aux Huiles hadi mbele ya jumba la manispaa. Kimekuwapo tangu 1880, nauli yake ni ya sarafu, na safari ni dakika chache tu, kama Likoni iliyofupishwa, ila hapa kuna viti.

Jumanne ina mtego mmoja mkubwa. Makumbusho ya Mucem, lile jengo la saruji iliyotobolewa kama wavu lililofunguliwa 2013 na kuwekwa kwenye karibu kila picha ya tangazo la Marseille, hufungwa siku hiyo. Abiria wengi hutembea mpaka mlangoni kabla ya kugundua. Mna mbadala wa aina mbili, na mimi ningemchagulia mama wa kwanza. Jirani kabisa na Mucem kuna Cosquer Méditerranée, nakala ya pango ambalo mlango wake wa kweli uko mita 37 chini ya bahari, upande wa Calanques. Mzamiaji Henri Cosquer aliligundua mwaka 1985, na michoro yake ya kuanzia miaka 30,000 hivi iliyopita inaonyesha farasi, sili na hata ndege wa baharini. Ndani ya nakala hii hutembei, unakaa kwenye kigari kinachokupitisha polepole kwa dakika kama 35. Tiketi hununuliwa mtandaoni kwa saa maalumu. Chagueni saa 9 alasiri, au mapema zaidi, na muwe mlangoni robo saa kabla.

Mbadala wa pili ni Vieille Charité, katika mtaa wa kale wa Le Panier: nyumba ya maskini ya karne ya 17 iliyobuniwa na Pierre Puget, yenye baraza za matao ghorofa tatu zinazozunguka kanisa la kuba la yai. Makumbusho yake hufungwa Jumatatu, Jumanne hufunguliwa, na mkusanyo wake wa kudumu una sanaa za Afrika. Tatizo ni Le Panier yenyewe, kwa kuwa ni kilima cha ngazi na vijiwe. Njia inayoelekezwa kwa watalii wengi, Montée des Accoules, ni ya ngazi na mwinuko mkali. Msipite hapo. Mwambieni dereva wa teksi awashushe mlangoni mwa Charité, kisha muende mkiteremka.

Kuhusu kula, kwanza jueni saa. Jiko la mgahawa wa Kifaransa hupika saa 6 hadi saa 8 mchana, basi. Ukifika saa 8 na nusu utaambiwa kuna kahawa na keki. Halali haitawasumbua: kutoka Vieux-Port pandeni barabara ya La Canebière dakika 5 hadi 10 mtafika mtaa wa Noailles, wenye soko la Capucins. Humo mna mabucha ya halali, mikahawa ya Kitunisia na ya Kialjeria, viungo kwenye magunia, bamia, mihogo na ndizi za kupika. Mkahawa wa kuskusi wenye watu wa mtaani wakila ni bora kuliko wowote wenye menyu ya picha bandarini, na bei yake ni nusu. Humo pia mtawasikia Wangazija. Marseille ina makumi ya maelfu ya watu wa Komoro, na lugha yao ni jirani wa karibu wa Kiswahili. Usitegemee kila mmoja akujibu Kiswahili, ila salamu yenu itawageuza vichwa, na mama huenda akapata mtu wa kuzungumza naye.

Bouillabaisse, mchuzi wa samaki wa Marseille, mtausikia sana. Ile ya kweli hutengenezwa kwa aina kadhaa za samaki wa miamba, zafarani na mafuta ya zeituni, na huliwa kwa awamu mbili: kwanza mchuzi na mkate mkavu uliopakwa rouille, sosi ya kitunguu thaumu na pilipili, kisha samaki wenyewe. Hulazimu kuagizwa siku moja au mbili kabla, huchukua karibu saa 2 mezani, na bei kwa mtu mmoja huanzia euro 60 au zaidi. Inayouzwa euro 25 ukingoni mwa bandari ni kitu kingine chenye jina hilo. Kwa siku ya meli ningeiacha, niagize soupe de poisson, supu ya samaki waliosagwa yenye mkate na rouille ile ile, kwa sehemu ndogo ya bei. Wapishi wengine hutia divai nyeupe au kileo cha bizari tamu humo, kwa hiyo ulizeni kabla: "Est-ce qu'il y a de l'alcool dedans?" Tafuteni pia panisse, vipande vya kukaanga vya unga wa dengu, unga ule ule wa bajia.

Septemba adhuhuri ya Marseille huingia karibu saa 7 na dakika 35 mchana, kwa hiyo kuleni kwanza. Mitaa ya Noailles na Porte d'Aix ina misikiti midogo.

Zawadi ya kuchukua ni sabuni, na hapa watu wanadanganywa kila siku. Jina "savon de Marseille" halijalindwa kisheria, na zile za rangi ya waridi zenye harufu ya lavenda zilizopangwa Vieux-Port nyingi si zenyewe. Geuza kipande usome viambato. Sabuni halisi ina mafuta ya mimea asilimia 72, yaliyopikwa kwa magadi kwenye masufuria makubwa, na orodha yake ni fupi: mafuta, maji, chumvi, magadi. Ukiona neno parfum au rangi yoyote, rudisha. Ya kijani ni ya mafuta ya zeituni, nyeupe ni ya nazi au mawese. Kipande cha mraba cha gramu 300 kina muhuri wa "72%" uliogongwa ubavuni, na kikikauka rangi ya kijani hufifia kwa nje na kubaki ndani. Majina ya kutafuta ni Le Fer à Cheval, Le Sérail, Savonnerie du Midi na Marius Fabre. Biskuti za navettes, zenye umbo la mashua na harufu ya maua ya michungwa, huuzwa tangu 1781 kwenye tanuri la Four des Navettes, karibu na abasia ya Saint-Victor. Ni ngumu kwa meno ya mama lakini hukaa wiki nyingi, zitafika Mombasa salama.

Buibui na mtandio havina shida yoyote barabarani. Nikabu ndiyo tatizo: tangu 2011 kufunika uso mahali pa umma ni kosa nchini Ufaransa, na faini yake hufika euro 150. Dhahabu iachwe kwenye sanduku la chumbani melini, hasa mikufu, kwa sababu Noailles na kwenye basi kuna wachopozi. Simu ibaki kwenye hali ya ndege mpaka mshuke ngazi, maana mtandao wa simu wa melini hupita kwa setilaiti na unaweza kumaliza salio lenu kabla hamjaigusa nchi kavu. Kila mmoja awe na kadi yake ya meli, nakala ya pasipoti na viza, na picha ya karatasi ya ratiba yenye simu ya wakala wa bandari. Huyo ndiye wa kupigiwa mkichelewa. Meli husubiri ziara zake, haiwasubiri ninyi, na gharama ya kuifuata bandari inayofuata ni yenu.

Kituo cha mwisho kiwe Terrasses du Port, jengo la maduka hatua chache kutoka Joliette. Lina lifti, vyoo safi ambavyo Vieux-Port vinapatikana kwa shida, na roshani ndefu yenye viti inayotazama bandari. Mama apumzike hapo hadi saa 10 na robo, mtu mmoja akienda kuchungulia foleni ya basi. Ikiwa ndefu, chukueni teksi.

Jambo moja lisisubiri Septemba, nalo ni viza. Mkifika Tunis mtakuwa mmetoka eneo la Schengen, na kurudi Barcelona ni kuingia mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, na kampuni ya meli inaweza kuwakatalia kupanda siku ile ile ya kuanza safari. Ombeni ya kuingia mara nyingi, mkiambatisha ratiba nzima ya bandari na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na mkipewa pasipoti zenu someni sehemu ya idadi ya kuingia mkiwa bado dirishani. Kwa mara nyingi huandikwa MULT. Ikiwa ni 01, ulizeni hapo hapo namna ya kuomba irekebishwe.